Mbwa wako kaambiwa ana kansa ya bandama kwa ultrasaundi peke yake? Pita hapa kabla hujasaini karatasi ya upasuaji

#1 Dokta Mwendapole

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha kwa sababu najua wapo wenzangu wa fani watakaonuna. Ila wiki hii nimeletewa tena mbwa mwenye karatasi iliyoandikwa "kansa ya bandama, apasuliwe haraka", nikaona basi, tuyaongee hadharani.

Mbwa mwenyewe ni German Shepherd dume, mlinzi wa nyumba moja huko Tabata. Alikuwa hali, amekonda, fizi zimepauka. Huko alikopelekwa kwanza (sitapataja, msinifuate PM) alikuwa mkali, kwa hiyo akachomwa sindano ya kumtuliza, akalazwa ubavu, akapakwa jeli. Mashine ikaonyesha bandama kubwa, imeshuka mpaka karibu na kibofu. Hapo hapo jina likatolewa: kansa. Mwenye mbwa akaambiwa akatafute hela.

Mimi nikauliza sindano ilikuwa ya nini. Asepromazini. Dawa hii ni nzuri kwa kumlegeza mnyama, lakini inalegeza na bandama pia, damu inajaa humo na kiungo kinavimba mbele ya macho yako. Ukimpima mbwa baada ya kumchoma asepromazini halafu ukashangaa bandama ni kubwa, unashangaa kazi ya mkono wako mwenyewe.

Halafu nikafunua masikio na kuachanisha vidole. Kupe wa kahawia wamejaa. Nikachukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, nikapaka kwenye kioo, nikatia rangi ya Giemsa. Ndani ya chembe nyekundu za damu vimekaa vijidudu viwili viwili, vyenye umbo la pea. Babesia. Homa ya kupe, ugonjwa ambao mbwa wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi wanaugua kila siku, na ambao bandama kubwa ni moja ya dalili zake za kawaida kabisa. Mwenzake, kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis, anayeletwa na kupe hao hao, naye anaivimbisha bandama.

Tiba imeenda vizuri. Juzi nimeambiwa kesharudia kazi yake ya kumtimua mtu wa taka.

Sasa naomba mnielewe. Ultrasaundi siipigi vita, ninayo na naitumia kila siku. Tatizo ni kuilazimisha ijibu swali ambalo haina jibu lake. Mashine inatuma sauti, inasubiri mwangwi, inahesabu muda. Imepangiwa kuamini kwamba sauti inasafiri mita 1540 kwa sekunde ndani ya mwili, kwamba inakwenda njia iliyonyooka, na kwamba kila mwangwi umerudi moja kwa moja baada ya kugonga mara moja tu. Pale ambapo mwili haufuati hayo, mashine inachora vilevile, kwa uhakika ule ule. Na hata pale inapochora sawasawa, inakupa umbo, ukubwa, weupe na weusi. Seli haioni. Kutaja kansa kwa picha hiyo ni kumtambua mwizi kwa kivuli chake ukutani.

Hata uvimbe wa kweli kwenye bandama, wenye duara lake na mipaka yake, unaweza kuwa damu iliyoganda, unaweza kuwa kinundu cha uzee kisicho na madhara, unaweza kuwa hemanjiosakoma ambayo ni kansa mbaya sana. Kwenye skrini vyote vitatu vinafanana. Ukichoma sindano kuvuta seli, mara nyingi unavuta damu tupu. Shuleni tulifundishwa kanuni ya theluthi mbili: theluthi mbili ya uvimbe wa bandama ni kansa, na theluthi mbili ya hizo kansa ni hemanjiosakoma. Kanuni hiyo ilitokana na mbwa waliofika hospitali kubwa wakiwa wagonjwa, wengi tayari wanavuja damu tumboni. Uvimbe uliokutwa kwa bahati, mbwa akiwa mzima, hali yake ni tofauti, na mara nyingi zaidi si kansa.

Na wengine msije mkanielewa vibaya: uvimbe uliopasuka na damu imejaa tumboni ni dharura, hapo upasuaji hausubiri majibu ya mtu. Toa bandama, ipeleke yote maabara nyama yake ikapimwe kwa hadubini, NDIPO utaje jina.

Karibuni, mwenye kisa chake akiweke.

#2 Chaurembo

Nimeweka kigoda na karanga zangu. Madokta wakianza kusemana huwa tunajifunza mengi.

#3 Bingwa wa Hoja

Mkuu umeongea vizuri lakini naona unazunguka. Mashine haikosei, binadamu ndiye anakosea. Watu wananunua vimashine vya bei chee mtandaoni halafu wanatuchaji kama Ulaya. Nunueni mashine za maana, tatizo limekwisha.

#4 Dokta Mwendapole

@Bingwa wa Hoja, nusu umepatia. Mashine mbovu inaongeza makosa. Lakini kuna makosa ambayo mashine ya bei mbaya inayachora kwa urembo zaidi.

Mfano ninaoupenda. Ukielekeza probu (kile kichwa cha mashine tunachopitisha juu ya ngozi) kwenye ini, nyuma yake kuna kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na ng'ambo ya kiwambo kuna pafu lililojaa hewa. Sauti ikigonga pale inarushwa irudi ndani ya ini, ikigonga kitu inarudia njia ile ile. Mashine haijui kwamba sauti ilipinda kona. Inahesabu muda tu, inachora ini la pili upande wa kifua. Unaona ini chini ya mstari na ini juu ya mstari, hata mfuko wa nyongo unaweza kuuona mara mbili. Asiyejua anaandika: kiwambo kimepasuka, ini limeingia kifuani. Mbwa mzima huyo, wala hajagongwa na kitu. Na kila mbwa mwenye mapafu mazima anaweza kukupa picha hiyo. Kabla ya kumfungua mnyama kifua, piga eksirei.

#5 Mama Bobi

Dokta shikamoo. Mimi Bobi wangu ni jike, kachanganyika na Rottweiler. Mwaka jana alipandwa, nikampeleka mapema kupima, nikaambiwa hana kitu. Nikapumzika. Mwezi umepita tumbo hilo, chuchu hizo! Nikarudi, nikaambiwa watoto wanne. Siku ya siku kazaa saba. Sasa hapo mashine au mtu?

#6 Dokta Mwendapole

Marahaba dada. Hapo vyote viwili, na kalenda pia.

Mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani ya jike kama wiki nzima zikisubiri mayai. Kwa hiyo siku aliyopandwa si lazima iwe siku aliyoshika mimba. Ukihesabu siku 20 tangu apandwe, mimba yenyewe inaweza kuwa changa kuliko unavyodhani, na vifuko vyake ni vidogo mno kuonekana. Ndiyo maana wengi tunasubiri ipite siku ya 25, bora zaidi 30, ndipo tunasema ana au hana. Ukienda kabla ya hapo, jibu sahihi la "sioni kitu" ni "mrudishe baada ya wiki", na hilo ndilo lililokosekana kwenye karatasi yako.

Kuhusu idadi: kizazi cha mbwa kina pembe mbili ndefu zinazojikunja. Probu inaona kipande kwa kipande. Mtoto mmoja unaweza kumhesabu ukitokea kushoto, ukamhesabu tena ukizunguka, na mwingine kajificha nyuma ya utumbo wenye gesi hukumwona kabisa. Wengine wananyonywa na mwili mapema, wanapotea. Ultrasaundi inajibu vizuri "wako hai?", maana moyo unaonekana unapiga. Swali la "wako wangapi?" liulize kwenye eksirei baada ya siku ya 55 hivi, mifupa imeshakomaa, unahesabu vichwa na uti wa mgongo. Idadi hiyo inakusaidia usiku wa kuzaa: kama ni saba na wametoka watano tu kisha kimya, unajua kuna wawili ndani.

#7 Mama Bobi

Asante sana dokta. Sasa nina wasiwasi mwingine. Safari hii alikuwa kwenye joto mwezi na kitu uliopita. Sikumpandisha, ila geti liliachwa wazi siku moja. Sasa anakunywa maji mpaka namshangaa, anakojoa sana, kula kapunguza. Kijana mmoja wa dawa za mifugo kampiga ultrasaundi ya mkononi kasema ni mimba changa, ameona vifuko vyenye maji. Nisubiri?

#8 Dokta Mwendapole

USISUBIRI. Mpeleke leo, kama si leo basi kesho asubuhi na mapema.

Jike ambaye hajatolewa kizazi, wiki chache baada ya joto, anakunywa maji kupita kiasi na kukataa chakula: kitu cha kwanza kichwani mwangu ni usaha kwenye kizazi. Ukiona uchafu unatoka nyuma una bahati, mlango umefunguka. Ukiwa umefungwa hutaona chochote, na huo ndio hatari zaidi. Kwenye skrini, kizazi kilichojaa usaha kinaonekana kama mirija au vifuko vyeusi vimepangana, na mtu mwenye haraka anaviita mimba. Kifuko cha mimba ya muda huo kina kiinitete ndani, na moyo unapepesa. Kama hakuna moyo, hiyo siyo mimba ya kusubiri.

Na upande wa pili upo pia: majimaji ndani ya kizazi si lazima yawe usaha. Yanaweza kuwa ute tu, yanaweza kuwa damu, na picha haitofautishi. Hapo ndipo damu ya maabara, joto la mwili na hali ya mbwa vinapoamua. Tena wapo wanaoona utumbo uliojaa maji wakauita kizazi. Utumbo una matabaka unayoweza kuyahesabu na unajikunyata ukiutazama, kizazi kimetulia. Tazama dakika nzima kabla hujasema.

Mwambie daktari maneno haya hasa: lini aliingia joto, lini kiu ilianza. Kijana wa dawa za mifugo hakuuliza hayo, nina hakika.

#9 Chaurembo

Mama Bobi karanga nimeziweka chini. Nenda dada.

#10 Mpiga Picha wa Mwenge

Salaam. Mimi fani yangu ni ultrasaundi za binadamu, na mara moja moja vets huniita niwasaidie. Naomba nitetee upande wetu kidogo. Ini ni ini, figo ni figo. Mtu aliyepiga matumbo kwa miaka hatakosa kuona jiwe la kibofu kwa sababu mgonjwa ana mkia. Shida ninayoiona ni mnyama hanyolewi. Mtu anapaka jeli juu ya manyoya, hewa imenaswa katikati, picha inakuwa ukungu mtupu, halafu anaongeza mwanga wa skrini mpaka kila kitu kinang'aa. Hapo hata figo nzima itaonekana inaumwa.

#11 Dokta Mwendapole

Hapo kwenye manyoya nakupa tano. Kunyoa hakuna mjadala, na mwenye mbwa wa maonyesho asiyetaka manyoya yaguswe akubali na majibu ya ukungu.

Ila kwenye "figo ni figo" naomba tugombane kidogo. Probu yako ya tumbo la mtu mzima ni ile iliyopinda, ya MHz 3.5 hivi, imetengenezwa ione kina cha sentimita 15 na zaidi. Figo ya paka nzima ina urefu wa kama sentimita 4 na iko chini kidogo tu ya ngozi. Unahitaji masafa ya juu, 7.5 kwenda juu, na uso wa probu mdogo unaopita chini ya mbavu. Ukitumia ile kubwa, tabaka za ukuta wa utumbo wa paka huzioni kabisa, na ugonjwa wa utumbo wa paka unasomwa humo humo kwenye tabaka.

Halafu vipimo vya kawaida si vile vile. Paka dume aliyenona anaweka mafuta kwenye tabaka la nje la figo, figo inaonekana nyeupe. Kwa binadamu ungeandika figo inaharibika. Kwa paka huyo, kama damu na mkojo viko sawa, ni unene tu. Mbwa naye: tope kwenye mfuko wa nyongo kwa binadamu linakustua, kwa mbwa nalikuta kwa wazima wengi tu. Nimeona mbwa wanakunywa dawa za ini miezi kwa sababu ya tope hilo, vimeng'enya vya ini havijawahi hata kupimwa.

Ushauri wangu: endelea kuja kusaidia, mkono wako ni mwepesi kuliko wa wengi wetu. Ila ripoti iandikwe na anayemjua mnyama.

#12 Mpiga Picha wa Mwenge

Hiyo ya paka mnene sikuijua. Nimeinakili.

#13 Mkulima wa Kikuyu

Hamjambo wadau, nawasalimia kutoka Kenya. Mimi ni daktari wa mifugo huku, nilisomea Kabete, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Acha niongeze kosa ambalo kwetu ni sugu: kupiga picha mahali pasipo na ugonjwa.

Nililetewa Ridgeback ambaye "anatapika" kwa muda mrefu. Tumbo lilikuwa limepigwa ultrasaundi kila alikopita, kila ripoti inasema safi, na kila daktari anamwongezea dawa ya kuzuia kutapika. Nikamwambia mwenyewe ampe chakula tukiwa tumesimama pale. Mbwa akala kwa pupa, akainamisha shingo, na chakula kikatoka vilevile alivyokimeza, kimeviringika kama soseji, tumbo halijakaza hata mara moja. Yule hakuwa anatapika. Chakula hakikuwa kimefika tumboni. Kiliishia kwenye umio, kifuani.

Eksirei ya kifua ikaonyesha uvimbe nyuma ya moyo. Spirocerca lupi. Kwa wasiomjua: ni mnyoo mwekundu ambao mbwa humpata akila mdudu anayevingirisha mavi, au akila kuku, mjusi au panya aliyekula mdudu huyo. Kiluwiluwi kinapenya ukuta wa tumbo, kinapanda ndani ya ukuta wa mshipa mkuu wa damu, mwisho kinajenga vinundu kwenye umio. Ukichelewa, vinundu vingine hugeuka kansa. Sasa umio umezungukwa na mapafu, mapafu ni hewa, na sauti ya ultrasaundi haipiti hewani. Ungempiga huyo mbwa picha ya tumbo mpaka mwaka uishe, ingetoka safi tu.

Kwa hivyo zile ripoti zote hazikuwa na uongo. Tumbo lilikuwa safi kweli.

#14 KijanaWaSUA

Dokta wa Kikuyu, hii imenipiga. Mimi niko mwaka wa nne Morogoro. Swali kwenu wote: ukishakuta kitu unajuaje ni cha kweli au ni mashine inakudanganya? Na mnafanyaje msisahau sehemu nyingine?

#15 Dokta Mwendapole

Karibu mwanafunzi. Badilisha pembe. Kitu cha kweli kinabaki mahali pake ukikitazama kwa urefu na kwa upana, ukitokea kushoto na ukitokea kulia. Cha uongo kinapotea, au kinafuata probu.

Chukua kibofu cha mkojo. Mara nyingi utaona "tope" chini yake. Mgeuze mnyama, au msimamishe. Tope la kweli litaporomoka lielekee ardhini na juu yake litatengeneza mstari mnyoofu. La uongo, linalotokana na unene wa mwale wa sauti, lina uso uliopinda na linaelekea kwenye probu yako kila unapohamia. Pembeni mwa kibofu, pale ukuta unapojikunja, sauti inatawanyika na kuacha ufa mweusi. Kama kuna majimaji tumboni, ufa huo unaonekana kama kibofu kimetoboka, na wanyama wameshapelekwa meza ya upasuaji kwa ufa huo. Utumbo mpana wenye kinyesi kikavu nao unakibonyeza kibofu kutoka nyuma, unakaa kama jiwe na kivuli chake juu. Jiwe liko ndani ya mkojo, linasogea. Kinyesi hakisogei.

Na kibofu kitupu usikisome unene. Ukuta wake unanenepa kwa sababu umejikunja. Wenye mbwa mnaosoma hapa: mkija kupima kibofu, msimruhusu akojoe kila mti kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Paka nao, vitone vinavyoelea kwenye mkojo wao mara nyingi ni mafuta, wala si mchanga. Kuna paka wanakula antibiotiki na chakula cha bei mbaya kwa vitone hivyo.

Kuhusu kusahau: mfuatano mmoja, kila mnyama, kila siku. Mimi naanza ini, nyongo, tumbo, bandama, figo ya kushoto na adrenali yake (tezi ndogo iliyo jirani na figo), kibofu, kizazi au tezi dume, narudi kulia, namalizia na utumbo na kongosho. Ukikuta jiwe la kibofu dakika ya pili, furaha yake ndiyo mtego. Jicho linaridhika, mkono unafuta jeli, uvimbe wa adrenali unabaki haujaguswa. Endelea mpaka mwisho.

#16 Mkulima wa Kikuyu

Niongeze kwa kijana: angalia rangi ya kivuli. Gesi inaacha kivuli kichafu, kijivu kijivu. Kitu kigumu kinaacha cheusi safi. Huku kwetu wateja wakubwa wa upasuaji wa utumbo ni magunzi ya mahindi na kokwa za maembe. Gunzi kwenye eksirei linaweza kupita usilione, kwenye ultrasaundi linakupa mgongo mweupe uliopinda na kivuli kizito, na utumbo wa mbele yake umejaa maji. Hapa mashine inashinda eksirei kabisa, tusiiseme vibaya tu.

#17 Bingwa wa Hoja

Sawa, nimeelewa. Lakini mnalindana. Mbwa wa jirani yangu aligongwa na bodaboda jioni, akapelekwa kliniki, akapigwa ultrasaundi, "hakuna damu tumboni, rudi naye nyumbani". Usiku akafa. Nani anawajibika?

#18 Dokta Mwendapole

Pole kwa jirani. Silindi mtu. Hilo nalisema bila kumung'unya: picha moja baada ya ajali haitoshi kumruhusu mnyama.

Mwaka 2004 daktari wa mifugo Søren Boysen na wenzake walichapisha kazi ya mbwa 100 waliogongwa na magari, wakipigwa ultrasaundi ya haraka ya sehemu nne za tumbo. Mbwa 45 walikutwa na majimaji. Baadaye daktari mwingine wa mifugo, Gregory Lisciandro, akaongeza alama, 0 mpaka 4, kila sehemu yenye majimaji alama moja, na akasisitiza kurudia baada ya saa nne hivi. Sababu ni nyepesi. Mbwa aliyefika na presha iko chini na maji mwilini hayatoshi, bandama au ini linaweza kuwa limechanika lakini damu bado haijakusanyika ya kuonekana. Ukimtundikia dripu, presha inapanda, ndipo inavuja. Picha ya saa moja jioni ilikuwa ya kweli saa moja jioni.

Tena ultrasaundi ya haraka ina swali moja: kuna majimaji au hakuna? Haikuambii kama nyonga imevunjika wala kama mkojo unavuja taratibu.

Kuhusu kuwajibika: kwa Tanzania lipo Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, na Kenya ipo bodi yao. Malalamiko yanapokelewa huko. Ila yanahitaji karatasi. Jirani ana ripoti iliyoandikwa? Ana picha zenye saa?

#19 Bingwa wa Hoja

Hana. Waliambiwa kwa mdomo.

#20 Mama Bobi

Dokta, tumetoka kliniki nyingine sasa hivi. Hakuna mapigo yoyote kwenye vile vifuko. Chembe nyeupe za damu ziko juu sana. Wamemwekea dripu na kesho asubuhi wanamtoa kizazi. Wameniuliza lini alikuwa kwenye joto kabla hata hawajawasha mashine.

#21 Chaurembo

Ee Mungu msaidie Bobi. Dada tupe habari kesho.

#22 Dokta Mwendapole

Mko mikono salama dada. Waulize watakapomfungua kama wanaweza kukuonyesha kizazi, na uondoke na ripoti yake.

@Bingwa wa Hoja na wengine: kuanzia sasa dai vitu vitatu kabla hujalipa. Video fupi za kila kiungo, maana picha mgando ukimpelekea daktari wa pili hawezi kubadilisha pembe wala kuona kitu kikisogea. Ripoti inayotenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa: "bandama imekua, haina uvimbe" ni kilichoonekana, "kansa" ni dhana, visikae kwenye mstari mmoja. Na orodha ya visivyoonekana vizuri. Ripoti isiyosema hata mara moja kwamba kongosho halikuonekana kwa sababu ya gesi, mimi naitilia shaka, kwa sababu kongosho la mbwa linajificha kuliko yote, na hata likionekana zuri bado linaweza kuwa linaumwa.

Wakikataa kukupa video kwenye flashi, rekodi skrini kwa simu yako wakati anapima. Omba ruhusa kwanza, shika simu usawa wa skrini, na jina la mnyama na saa vionekane pembeni.

#23 KijanaWaSUA

Dokta, na kama mnyama ameshachomwa asepromazini kabla hujafika, unasubiri muda gani ndipo upime bandama?

#24 Dokta Mwendapole

Mimi bandama ya siku hiyo siisomi ukubwa kabisa. Natafuta uvimbe na majimaji, naandika jina la dawa juu ya ripoti kwa herufi kubwa, namrudisha siku nyingine bila sindano. Na wakati nasubiri, nachukua damu ya sikio.